Lita Tatu za Magoti ya Shangazi

Arslanbob, 4 Juni

Mwanangu Zulhumor,

Pokea salamu za shangazi yako Hosiyat, dada wa baba yako, ambaye bado yu hai, kama ulikuwa umesahau. Huku sote wazima. Baba yako anakohoa, lakini anakohoa kwa sauti ya mtu mwenye nguvu zake. Mbuzi mweupe kazaa mapacha, mmoja ana sura ya mwenyekiti wa kijiji na sisi tumeamua kulinyamazia hilo. Mkwe wangu Dilfuza kanunua simu mpya, ile ya zamani kanipa mimi. Nimeifunika kitambaa. Kila ninachosema mle kinafika kwa majirani kabla hakijafika kwako. Barua nampa Mamasoli, dereva wa lori la viazi, ambaye hana subira ya kusoma hata vibao vya barabarani.

Sasa jambo lenyewe. Kokwa za jozi msituni ziko tayari kwa dawa. Bado ni za kijani, ukichoma sindano inatokea upande wa pili bila kugoma. Baada ya mwezi mmoja ganda litakomaa ndani na dawa ya mwaka huu itakuwa imenipita. Unajua ninachotaka: lita tatu za mafuta ya ndege, yale safi mnayobakiza kwenye chupa zenu za sampuli huko maabara. Nazikatakata jozi, nazilowesha, naweka juani siku arobaini, napaka magotini. Watu kumi na wanane wananitegemea, na mmoja wao ni imamu.

Usiniambie nitumie mafuta ya taa ya sokoni. Oypasha jirani ndiye anayetumia hayo, na wagonjwa wake wakiingia msikitini watu wanatafuta taa iliyovuja.

Je, kuna mwanamume yeyote huko Almaty mwenye macho? Nauliza tu.

Shangazi yako,
Hosiyat


Almaty, 17 Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula vizuri, nalala vizuri, na wanaume wa huku wana macho lakini wanayatumia kuangalia mpira. Mwambie baba aende hospitali. Mpe pole mwenyekiti kwa sura aliyogawana na mbuzi.

Kuhusu mafuta, jibu ni hapana. Nimesema hapana kila mwaka kwa miaka sita, safari hii namaanisha. Tumepata mkuu mpya wa maabara, Bwana Sagindik Ermekovich. Anahesabu chupa. Kila sampuli ya mafuta inayotoka kwenye tangi la ndege inakaa kabatini na lakiri yake, muda wake ukiisha inamwagwa kwenye pipa la taka mbele ya macho yake mawili, na nadhani angekuwa na la tatu angelileta pia. Halafu Shangazi, haya si mafuta ya kupaka watu. Mvuke wake hushika moto joto likifika nyuzi ishirini na nane tu, na wewe unayaweka juani! Imamu akiwaka utasemaje?

Basi. Nimekutumia mitungi mitatu, lita moja moja, ile ile tunayotilia matunda ya kopo. Mamasoli anajua ni sharubati. Usiweke karibu na jiko wala karibu na tanuri, na mtu yeyote asiyanywe hata tone, hata Oypasha.

Usiulize nimeyapata wapi. Ni mafuta mazuri kuliko yote niliyowahi kukuletea. Huku tuna kazi kubwa mwaka huu. Mimi napima moshi. Tunawasha injini kwenye kibanda cha majaribio, tunavuta hewa inayotoka nyuma kupitia karatasi nyeupe, kisha tunaangalia karatasi. Mafuta ya zamani yanaiacha nyeusi kama kitako cha sufuria. Haya mapya karatasi inatoka na rangi ya chai ya maziwa. Shangazi, sijawahi kuona kitu kama hicho! Niliibandika ukutani nyumbani.

Mpwa wako mkaidi,
Zulhumor


Arslanbob, 22 Agosti

Mwanangu Zulhumor,

Salamu zote unazozijua, zichukue kwa pamoja maana nina hasira na sitaki kuziharibu kwa kuzihesabu. Baba yako kaenda hospitali, wamempa vidonge, kampa mbuzi kimoja kwa bahati mbaya, mbuzi kaacha kukohoa. Dilfuza ana mimba.

Umenitumia nini?

Siku arobaini zimetimia, nimefungua mtungi wa kwanza, hakuna harufu. Hakuna! Napaka goti, halichomi. Kila mwaka dawa yangu inaposhika ngozi mtu anasema "aaah", ndipo anajua inafanya kazi. Safari hii imamu amekaa hapa robo saa akisubiri kusema "aaah", mwisho akauliza kama nimeshapaka. Oypasha anatangaza kisimani kwamba Hosiyat anauza maji. Mimi hata siuzi, natoa bure, lakini Oypasha hajali.

Basi nikayapima kama marehemu mume wangu Tursunboy alivyonifundisha alipokuwa fundi kule uwanja wa ndege. Nilitia zile chembe nyeusi zinazogeuza maji kuwa zambarau. Kama kuna tone la maji ndani ya mafuta, rangi inatoka hapo hapo. Haikutoka. Kwa hiyo si maji. Nikatia kidogo kwenye taa, nikashika sahani nyeupe juu ya moto. Sahani haikupata masizi! Nimeisugua kwa kidole mbele ya Oypasha na kidole kikatoka cheupe. Alikasirika sana, kwa hiyo hapo nakushukuru.

Lakini hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba mitungi inavuja. Unazijua zile pete nyeusi za mpira ninazofungia, Tursunboy alikuwa akizileta mfukoni kutoka kwenye karakana ya ndege. Zimekaa kwenye dawa yangu miaka yote, zimejaa, zimenenepa, hazijawahi kupitisha hata tone. Mwaka huu zimesinyaa. Zimelegea shingoni mwa mtungi. Dawa imeshuka kabatini, imeingia kwenye sanduku la chini, na chini kuna yale magodoro manane ya kukalia niliyokushonea kwa ajili ya harusi yako. Maji ya jozi hayatoki, unajua. Sasa una magodoro manane ya rangi ya kahawia na hujapata hata bwana wa kuyakalia.

Jibu upesi.

Hosiyat


Almaty, 9 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika jana. Pole kwa magodoro. Hongera kwa Dilfuza.

Naomba unijibu haya, tena kwa usahihi, bila utani. Pete zile, zote zilikuwa za zamani? Zilizosinyaa zote zilikuwa zimekaa kwenye mafuta ya miaka iliyopita kabla ya kukutana na haya mapya? Kuna pete yoyote mpya uliyoitumia, nayo ikoje? Na una mtungi wowote uliobaki na dawa ya mwaka jana ambao haujavuja?

Usitupe chochote. Nitumie pete mbili, moja ya mtungi mpya na moja ya mtungi wa mwaka jana, kila moja kwenye karatasi yake, uandike ipi ni ipi.

Mafuta yale yametengenezwa kwa mafuta ya mbegu za pamba na mafuta yaliyokwisha kutumika kukaangia, yanayokusanywa kwenye mikahawa ya pilau. Ndiyo maana hayanuki. Ile harufu uliyoizoea na ule mchomo vinatoka kwenye kitu fulani ambacho mafuta ya ardhini yanacho na haya hayana. Kitu hicho hicho ndicho kinacholeta masizi.

Nina kazi nyingi. Nitaandika zaidi baadaye.

Zulhumor


Arslanbob, 30 Septemba

Mwanangu Zulhumor,

Salamu. Jozi zimeanguka, kijiji kizima kiko msituni, watu wana mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Baba yako kapanda mti akiwa na miaka sitini na nane, akashuka kwa njia ambayo hakuichagua. Hajaumia ila heshima.

Kwa hiyo mwaka huu nimewapaka watu mafuta ya pilau! Nimemwambia imamu. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu akauliza kama pilau yenyewe ilikuwa ya kondoo.

Pete hizo hapo. Kwenye karatasi ya bluu ni ya mtungi wa mwaka jana, imenona, ibonyeze utaona. Kwenye gazeti ni ya mtungi mpya, imekauka. Zote mbili zilitoka mfuko mmoja wa Tursunboy, siku moja. Pete mpya nilikuwa nayo moja tu, sijawahi kuilowesha, nikaifunga kwenye mtungi wa tatu. Hiyo haikuvuja. Ni za zamani tu zilizonisaliti, kama mtu aliyezoea kushiba halafu akanyimwa.

Sasa nisikilize wewe. Barua yako ilikuwa na mistari ishirini. Hukuuliza magoti yangu. Hukuniambia nisiweke mtungi karibu na jiko. Miaka sita hujawahi kuacha kuniambia hivyo, hata kwenye barua ya msiba wa Tursunboy uliniambia. Mtu anayeandika "nina kazi nyingi" huwa ama ameolewa au yuko matatani, na wewe hujaolewa, maana ningeshasikia kwa Mamasoli.

Kuna nini?

Hosiyat


Almaty, 27 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mamasoli alikwama kwenye theluji ya mlimani siku tisa akila viazi vyake mwenyewe, kwa hiyo barua yako nimeipata majuzi. Magoti yako yanaendeleaje? Mtungi uko mbali na jiko?

Nitakwambia, lakini uniapie kwamba utanyamaza.

Mwezi wa nane injini yetu ya majaribio ilivuja mafuta kwenye viungo vya mabomba. Hakuna aliyeumia, ila kibanda kizima kililowa. Kamati ikaangalia pete za mpira, hazikuwa na mkato wala ufa. Ikaangalia orodha ya walioshika mabomba siku hiyo, jina la mwisho ni langu, nilikuwa nimechukua sampuli. Bwana Sagindik ameniandikia karatasi niisaini: kwamba sikukaza kiungo cha bomba sawasawa. Nikisaini, ninahamishwa kwenye stoo ya chupa tupu na mambo yanaisha. Lakini nilikaza, Shangazi. Nilikaza na nikarudi kuangalia.

Ulipoandika kuhusu mitungi nilikaa sakafuni. Pete za injini zilikunywa mafuta ya zamani miaka na miaka, zikavimba zikaziba. Tulipotia mapya, kile kinachozivimbisha hakimo, zikasinyaa. Pete zako mbili ziko hapa mbele yangu, nimezipima, tofauti inaonekana hata kwa macho. Wewe na kabati lako mmegundua jambo ambalo kamati yetu ya watu saba haikuligundua.

Niliomba tuzijaribu pete maabara. Bwana Sagindik akasema hilo linataka ombi, na ombi linataka miezi mitatu. Na tarehe 20 Novemba ndege ya majaribio inaruka na mafuta haya haya, na pete zake ni zile zile za zamani. Ndani watakuwamo marubani wawili na wahandisi watatu.

Ushahidi pekee nilionao ni mitungi yako. Nikiuonyesha, swali la kwanza litakuwa mafuta yaliyopimwa na serikali yalifikaje kwenye kabati la bibi kule Arslanbob. Niliyachukua kwa sababu yalikuwa hayajaingizwa kwenye daftari. Huo ni wizi, hata kama nilikuwa nauita jina lingine. Mtu mzembe anahamishwa stoo. Mwizi anafukuzwa na hakuna maabara nyingine itakayomchukua. Hii kazi ndiyo kitu pekee ninachokijua vizuri. Naogopa sana, sitaki kukuficha.

Zulhumor


Arslanbob, 5 Novemba

Mwanangu mpendwa Zulhumor,

Salamu. Sisi wazima. Theluji imefika kwenye uzio. Dilfuza anatapika kwa adabu. Magoti yangu mazuri sana, siku hizi nayaona yana nguvu za ajabu.

Nimesoma barua yako mara tatu. Umeniomba ninyamaze, nami nitanyamaza, unanijua. Sina la kusema. Mimi mwanamke wa kijijini, mambo ya pete na mabomba nitayajulia wapi. Sitamwandikia mtu, sitamtuma mtu, na kama Mamasoli atakwambia nimempa bahasha mbili safari hii, elewa kwamba macho yake yameharibiwa na theluji.

Neno moja tu. Tursunboy alipokuwa fundi, ndege ikiruka hakuwa akila mpaka aisikie imetua. Chakula kinapoa, mimi nagomba. Nilimuuliza mara moja kama aliwahi kuogopa kufukuzwa kazi. Akasema kila siku, ila anaogopa zaidi kusikiliza kitu ambacho hakirudi. Sijui kwa nini nimekumbuka leo.

Ule vizuri.

Hosiyat


Almaty, 18 Novemba

Shangazi,

Shikamoo, ingawa baada ya uliyoyafanya sijui kama unastahili hata hiyo.

Leo asubuhi nilivaa sketi yangu nyeusi, nikatia pete zako mbili mfukoni, nikagonga kwa Bwana Sagindik. Karatasi yake ya kiungo cha bomba nilikuwa nayo mkononi, haijasainiwa. Nilisema yote kwa pumzi moja nikiwa nimesimama: kwamba nilichukua lita tatu, kwamba miaka mitano kabla ya hapo nilichukua pia, kwamba ni kwa ajili ya magoti ya shangazi yangu, kwamba pete zimesinyaa na ndege isiruke. Nikaziweka pete mezani. Hakuzigusa.

Akafungua droo, akatoa bahasha. Nikauona mwandiko wako kabla hajaifungua. Akavaa miwani, akanisomea kwa sauti ya kusoma ripoti:

"Mimi Hosiyat binti Ergash, miaka sabini na mmoja, nakiri kwa hiari yangu kwamba mwezi wa sita niliruka ukuta wa maabara yako na kuchukua mafuta kwa mikono yangu. Mpwa wangu hajui lolote, alikuwa amelala. Nilishuka ukuta kwa kamba. Naambatanisha pete nne na mtungi mmoja, uone mwenyewe zinavyovuja, na usirushe ndege ya watu mpaka umeziona. Ukitaka kunifunga, njoo kabla ya mwezi wa tatu, baada ya hapo tuna mjukuu. Wako mwizi, Hosiyat."

Akaikunja. Akasema, "Ukuta wetu una mita tatu na waya juu yake."

Nikasema, "Ndiyo, bwana."

"Barua hii ninayo siku sita. Ndege nimeisimamisha siku ile ile niliyoipata. Pete zinabadilishwa zote, na injini inarudi kibandani kupimwa upya. Mambo ya pete yalikwisha siku hiyo." Akanitazama. "Nilikuwa nasubiri kitu kimoja tu. Nilitaka kuona kama utamwachia bibi wa miaka sabini na mmoja aruke ukuta wangu kwa ajili yako."

Nililia, Shangazi. Nililia mbele ya mkuu wangu wa kazi kama mtoto, na yeye akawa anapanga kalamu zake kwa ukubwa mpaka nilipomaliza. Kisha akaichana karatasi ya kiungo, akaandika nyingine: karipio kali kwa kuchukua sampuli. Nimesaini jina langu lote. Nimenyang'anywa ufunguo wa kabati mwaka mzima, na sitakutumia tone jingine maishani mwangu. Lakini karatasi za moshi bado ni zangu. Sijafukuzwa. Ripoti ya pete inaandikwa, na mimi ndiye nitakayeiandika.

Wewe uliniapia utanyamaza! Na kama ningekosa ujasiri leo, ungekaa huko na jina la mwizi kwa furaha kabisa, najua. Nakupenda mpaka kifua kinauma.

Saa za chakula niliingia kantini. Marubani wawili na wale wahandisi watatu walikuwa meza ya dirishani, wamenuna kwa sababu safari imeahirishwa bila wao kuambiwa kwa nini. Mmoja alikuwa analalamika kwamba mkewe ameshaalika watu wa kusherehekea Jumamosi, sasa atawaambia nini. Mwingine alinigeukia akaniuliza kama naweza kumsogezea chumvi.

Nikamsogezea.

Zulhumor